Sura ya Saba: Bendi Kubwa na Gitaa la Kunong'ona

Chukua tarumbeta nne, tromboni nne, saksafoni tano, kisha piano, gitaa, besi na ngoma. Hiyo ndiyo bendi kubwa ya jazz kama Wamarekani walivyoizoea tangu miaka ya 1940: watu 17 wenye pumzi za kutosha kujaza ukumbi wa dansi bila msaada wa kipaza sauti. Count Basie, Duke Ellington na Stan Kenton walijipatia majina kwa bendi za namna hiyo. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwanyanyua watu vitini.

Upande wa pili mweke mtu mmoja kwenye kiti, gitaa la nyuzi za nailoni mapajani, anaimba kwa sauti ile ile anayozungumzia. Hatetemeshi koo. Hapandishi sauti ili ubeti umalizike kwa kishindo. Huyo ni João Gilberto wa Brazili, na muziki wake ni bossa nova.

Mwaka 1962 kampuni za santuri za New York ziliamua kwamba hawa wawili wakae chumba kimoja. Ndani ya miezi michache zilitoka santuri nyingi zenye maneno “bossa nova” kwenye jalada. Nyingi zimesahaulika, na zimestahili kusahauliwa. Chache bado zinasikilizwa, na ukizichunguza utaona zina tabia moja: aliyepanga muziki alijua kuizuia bendi. Walioshindwa walidhani bossa nova ni mdundo mpya wa kumwagia juu ya mtindo wa zamani.

Kidole gumba na vidole vitatu

Ili kuelewa ugumu wa kazi hiyo, inabidi tuanze na gitaa lenyewe. Gilberto alizaliwa mwaka 1931 Juazeiro, mji wa jimbo la Bahia kando ya mto São Francisco. Alikwenda Rio de Janeiro kutafuta maisha ya uimbaji, mambo yakamwendea kombo, na katikati ya miaka ya 1950 akajikuta anaishi kwa dada yake huko Diamantina, jimbo la Minas Gerais. Huko alikuwa akijifungia bafuni na gitaa kwa saa nyingi. Vigae vya bafuni vilimrudishia sauti, kwa hiyo aliweza kupiga na kuimba polepole kabisa na bado akasikia kila uzi.

Alichokuwa akikitafuta ni samba, lakini samba bila kundi la ngoma. Samba ya mitaani huko Rio hubebwa na vyombo vingi: surdo, ngoma kubwa inayoshika pigo zito, tamborim, kingoma kidogo kinachodonoa katikati ya mapigo, pandeiro, ambayo ni kama tari, na cuíca, ngoma yenye kijiti ndani ambacho husuguliwa kwa kitambaa chenye maji hadi chombo kilie kama kiumbe hai. Gilberto alilichuja kundi hilo zima likaingia katika mkono mmoja. Kidole gumba kinapiga besi kwa mwendo usioyumba, kazi ya surdo. Vidole vitatu vinavuta nyuzi za juu kwa pamoja, mara kabla ya pigo, mara baada yake, kazi ya tamborim. Juu ya hayo sauti ya kuimba inatembea kwa uhuru wake: inachelewa, inatangulia, kisha inakutana na gitaa mwisho wa mstari kana kwamba hawakuachana.

Mizizi ya samba hiyo iko Afrika. Gati la Valongo mjini Rio, ambalo tangu mwaka 2017 ni Urithi wa Dunia wa UNESCO, lilipokea mamia ya maelfu ya watu waliouzwa utumwani. Wengi walitoka Angola na Kongo, na katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 wengi pia walipakiwa Msumbiji, kwenye pwani hii hii ya Bahari ya Hindi. Jinsi ngoma moja inavyouliza na nyingine inavyojibu kabla swali halijaisha si jambo geni kwa msikilizaji wa Afrika Mashariki.

Mwezi Julai 1958 Gilberto alirekodi “Chega de Saudade”, wimbo uliotungwa na Antônio Carlos Jobim, maneno yakiwa ya Vinicius de Moraes, mshairi aliyekuwa pia mwanadiplomasia. Studioni aliomba vipaza sauti viwili, kimoja cha mdomo na kimoja cha gitaa. Siku hizi hilo ni jambo la kawaida. Wakati ule lilikuwa dai la ajabu, lakini lilikuwa na hoja: katika muziki wake gitaa na sauti vilikuwa na uzito sawa, na kimoja kikimfunika mwenzake wimbo unakufa.

Jazz ilikuwa Rio kabla ya bossa nova

Ingekuwa kosa kusimulia habari hii kana kwamba jazz ilivuka kwenda kumkuta mgeni. Vijana wa Rio walikuwa wakisikiliza santuri za Marekani tangu miaka ya 1940. Mwaka 1949 walianzisha klabu ya mashabiki iliyoitwa Sinatra-Farney, kwa heshima ya Frank Sinatra na mwimbaji wao wenyewe, Dick Farney. Miongoni mwa waliopitia hapo ni wapiga piano Johnny Alf na João Donato, ambao baadaye walihesabiwa kati ya waliotandika njia ya bossa nova. Stan Kenton naye alikuwa na mashabiki wake Brazili, na mwaka 1947 mpiga gitaa Mbrazili Laurindo Almeida alijiunga na bendi yake.

Jazz hiyo ilionekana zaidi katika kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja kuubeba wimbo. Jobim alipenda kodi nene, zenye noti nne au tano, zinazoacha ladha ya kutomalizika. Mpiga jazz wa New York aliposikia nyimbo zake kwa mara ya kwanza, mkono wa kushoto wa piano ulikuwa lugha anayoijua tayari. Ndiyo maana wanajazz walizivamia kwa haraka kiasi kile.

Mwimbaji na mtunzi Carlos Lyra hakufurahi sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alitunga wimbo uitwao “Influência do Jazz”, akilalamika kwamba samba inapotea kwa kuchanganywa na mambo ya kigeni. Kichekesho ni kwamba wimbo wenyewe una kodi ambazo mwanajazz yeyote angejivunia. Lyra alijua hilo; ndiyo utamu wake.

Mambo matatu yanayogombana

Kama kodi zilielewana, ugomvi ulikuwa wapi? Ulikuwa katika mambo matatu, na kila mpanga muziki alipaswa kuyapatia jibu kabla ya kuandika noti ya kwanza.

La kwanza ni mgawanyo wa pigo. Katika swingi ya jazz, pigo moja likigawanywa mara mbili, nusu ya kwanza hurefushwa na ya pili hufupishwa, na muziki ukawa na mwendo wa kuchechemea kwa madaha. Katika bossa nova nusu hizo mbili ni sawa sawa. Mpiga saksafoni aliyefundwa swingi kwa miaka 20 hawezi kuiacha kwa kuambiwa tu. Na katika safu ya watu watano, mmoja akichechemea huku wanne wakienda sawa, msikilizaji anasikia matope.

La pili ni nafasi. Katika bendi kubwa ya kawaida, tarumbeta na tromboni hupenda kushindilia vipande vifupi katikati ya mapigo, na hapo ndipo wachezaji hupata moto wao. Lakini katika bossa nova nafasi hizo zimeshakaliwa na vidole vitatu vya gitaa. Tarumbeta zikiingia mle mle, gitaa linamezwa, na gitaa likimezwa hakuna bossa nova iliyobaki. Msomaji aliyekulia kwenye muziki wa dansi wa Dar es Salaam au Morogoro analijua jambo hili kwa masikio: tarumbeta na saksafoni hunoga zinaposubiri magitaa yamalize neno, ndipo ziitikie.

La tatu ni ukubwa wa sauti. Vyombo vya shaba vikipulizwa polepole hupoteza rangi na mara nyingine hata usahihi wa sauti. Kupuliza kwa upole, kwa pamoja, kwa dakika nne, ni kazi ngumu kuliko kupuliza kwa nguvu.

Kanisani Washington, kisha New York

Mlango wa Marekani ulifunguliwa na kundi dogo. Mpiga gitaa Charlie Byrd alikuwa amezunguka Amerika ya Kusini mwaka 1961 katika ziara iliyogharimiwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, akarudi na santuri za Kibrazili. Tarehe 13 Februari 1962 yeye na mpiga saksafoni Stan Getz walirekodi “Jazz Samba” katika ukumbi wa kanisa la All Souls mjini Washington. Kazi hiyo ilimalizika siku hiyo hiyo. Mwaka uliofuata, mwezi Machi, santuri hiyo ilishika nafasi ya kwanza katika orodha ya albamu ya Billboard, jambo ambalo jazz haikuwa imezoea.

Getz alifaa kwa kazi hii. Alikuwa ametoka katika bendi kubwa, kwa Stan Kenton na baadaye Woody Herman, lakini saksafoni yake ya tena ilikuwa na sauti laini, yenye hewa nyingi, inayoimba zaidi kuliko kuunguruma. Prodyuza wake katika kampuni ya Verve, Creed Taylor, aliona mbali: baada ya kundi dogo, aingie na bendi kubwa. Kazi ya kupanga muziki akapewa Gary McFarland, kijana wa miaka 28 ambaye jina lake lilikuwa linaanza tu kujulikana.

Santuri hiyo, “Big Band Bossa Nova”, ilirekodiwa New York tarehe 27 na 28 Agosti 1962. Ukisoma orodha ya wanamuziki wake unakuta jambo la kushangaza: hakuna safu ya saksafoni. Ile nguzo ya bendi kubwa, saksafoni tano, imeondolewa yote. Mahali pake McFarland aliweka filimbi, filimbi ya alto, klarineti na klarineti ya besi. Tarumbeta ni tatu, tromboni mbili, na pembe moja ya Kifaransa ya kuzifunga pamoja. Kwenye mdundo wapo Jim Hall wa gitaa, Hank Jones wa piano, Tommy Williams wa besi na Johnny Rae wa ngoma, na pembeni yao Wabrazili wawili, José Paulo na Carmen Costa, wenye vyombo vidogo vya mdundo. Ukiwahesabu, watu hawakupungua sana. Kilichobadilika ni rangi ya sauti. Saksafoni pekee unayoisikia ni ya Getz mwenyewe, kwa hiyo hahitaji kupigana na mtu.

Nyimbo ni nane. Nne ni za Kibrazili, zikiwemo “Manhã de Carnaval” ya Luiz Bonfá na “Chega de Saudade”. Nne alizitunga McFarland. Sikiliza namna anavyoandika. Vyombo vya kupuliza mara nyingi hushika noti ndefu, chini, kama zulia. Panapohitajika vipande vifupi, huviachia filimbi na klarineti. Tarumbeta hutiwa vizibo mdomoni ili sauti iwe nyembamba. Bendi ikipanda kwa nguvu zake zote, hupanda kwa muda mfupi tu, kisha hurudi chini kabla hujaichoka.

Wimbo unaofaa kwa somo ni “Samba de Uma Nota Só” wa Jobim, ambao pia uko katika santuri hiyo. Katika sehemu ya kwanza mwimbaji anarudiarudia noti moja tu, mstari baada ya mstari. Chini yake kodi zinateremka ngazi moja moja, nusu hatua kila mara, kwa hiyo noti ile ile inabadilika ladha kila inaporudi: mara imetulia, mara ina wasiwasi, mara inaomba kwenda mahali. Kisha noti inahama juu kidogo, na baadaye wimbo unafunguka ghafla kwa mbio za kupanda na kushuka. Kwa mpanga muziki hii ni zawadi. Akikabidhi noti moja kwa chombo kimoja na kodi zinazoteremka kwa tromboni na klarineti ya besi, ameshamaliza nusu ya kazi. Akitaka kuonyesha ujuzi kwa kuongeza mapambo juu ya noti ile, ameuharibu wimbo, maana mzaha wake wote uko katika kutobadilika.

Waliochukua njia nyingine

Quincy Jones alitoa santuri yenye jina lile lile, “Big Band Bossa Nova”, mwaka huo huo 1962 kwa kampuni ya Mercury. Wimbo wake wa kwanza, “Soul Bossa Nova”, unajulikana hata kwa wasiojua jina lake, kwa sababu ulitumika katika filamu ya Austin Powers ya mwaka 1997. Filimbi ni ya Roland Kirk, piano ya Lalo Schifrin, na ile sauti ya kuchekesha inayoguna mwanzoni ni cuíca. Quincy hakunong'ona hata kidogo. Alirudi nyuma ya bossa nova hadi kwenye kanivali, pahali ambapo kelele zina haki yake, na bendi kubwa ikapumua kwa uhuru. Kwa sheria za Gilberto, ule wimbo haumo kabisa katika bossa nova. Ni muziki mzuri hata hivyo, kwa sababu aliyeuandika alijua anachokiacha.

Kenton hakuwa na bahati hiyo. Katika “Artistry in Bossa Nova” ya mwaka 1963 alizivalisha baadhi ya nyimbo zake za zamani mdundo mpya, lakini mwili chini ya vazi ulibaki ule ule mzito. Miles Davis na mpanga muziki Gil Evans, watu wawili waliojua ukimya kuliko wote, walianza kazi ya namna hii Julai 1962 na kurekodi kwa vipindi vilivyoachana. Muziki uliopatikana haukufika hata nusu saa. Kampuni ya Columbia ikaongeza kipande cha kundi dogo na kuutoa kama “Quiet Nights”. Davis alikasirika sana kwa kazi isiyokamilika kupelekwa sokoni, na urafiki wake na prodyuza Teo Macero ukaingia doa kwa miaka kadhaa. Kuna dakika nzuri mle ndani, hasa katika “Corcovado”. Lakini dakika nzuri hazifanyi santuri.

Tarehe 21 Novemba 1962 Wabrazili wenyewe walipanda jukwaa la Carnegie Hall: Gilberto, Jobim, Bonfá, Lyra, Sérgio Mendes na wengine. Baada ya hapo “bossa nova” ikawa nembo ya kuuzia kila kitu, hadi Elvis Presley akaimba wimbo wenye jina hilo mwaka 1963. Homa ya namna hiyo haidumu, na haikudumu.

Kilichodumu kilikuja polepole. Mwaka 1967 Sinatra, aliyelelewa kimuziki katika bendi kubwa za Harry James na Tommy Dorsey, alirekodi albamu nzima na Jobim. Mpanga muziki, Mjerumani Claus Ogerman, aliweka mbele gitaa la Jobim, filimbi na nyuzi za violini, na Sinatra akaishusha sauti yake kuliko ilivyowahi kushuka. Mwimbaji mashuhuri kuliko wote wa zama za bendi kubwa alifika kwenye bossa nova kwa kuiacha bendi kubwa nje ya mlango.

Jibu la Brazili

Jibu lenye nguvu zaidi, kwa maoni yangu, lilitoka kwa mtu aliyekuwa Brazili muda wote. Moacir Santos alizaliwa mwaka 1926 katika bara kavu la Pernambuco, akawa yatima mdogo, akakulia katika bendi za matarumbeta za miji midogo. Alifika Rio, akaajiriwa Rádio Nacional, akawa mpanga muziki na mwalimu. Mpiga gitaa Baden Powell ni mmoja wa wanafunzi wake. Mwaka 1965 alitoa “Coisas”, yaani “Vitu”, vipande kumi ambavyo havikupewa hata majina ya maana: Kitu namba 1, Kitu namba 2, na kuendelea.

Katika santuri hiyo saksafoni ya baritoni na tromboni hutembea chini kwa uzito, na juu yake midundo yenye asili ya Kiafrika inagawanya pigo kwa mbili na kwa tatu kwa wakati mmoja. McFarland aliichukua bossa nova akaipunguzia bendi makali. Santos alianza na ngoma, akaiuliza kila ngoma ingependa kuwa chombo gani cha kupuliza. Ndiyo sababu kazi yake haina mshono kati ya jazz na Brazili. Mwaka 1967 alihamia California, akaishi huko hadi alipofariki mwaka 2006. Nchini mwake, Mario Adnet na Zé Nogueira waliiandaa upya kazi yake katika albamu “Ouro Negro” mwaka 2001, na kizazi kipya kikamgundua. Njia hiyo ya bendi kubwa yenye lafudhi ya Kibrazili inaendelezwa pia na Banda Mantiqueira ya São Paulo, iliyoanza miaka ya 1990.

Basi hukumu yangu ni hii. Santuri ya Getz na McFarland ndiyo bora kati ya zote zilizojaribu kuingiza bossa nova ndani ya bendi ya jazz. “Coisas” ni kubwa kuliko hiyo, kwa kuwa haikulazimika kuingiza kitu chochote mahali popote. Nyingine, ukiondoa wimbo wa Quincy, unaweza kuishi bila kuzisikia. Na wewe unayepanga muziki leo, iwe ni kwa kwaya, bendi ya shaba au bendi ya harusi, kabla ya kuwaandikia wapuliza tarumbeta wako mstari wa kwanza, mpe mpiga gitaa kiti, mwache apige wimbo mzima peke yake, kisha waandikie wengine zile nafasi alizoziacha tu.